Chupa za baa na mashine ya vizibo: maswali yanayojirudia kwa wanaopika bia nyumbani Arusha na Moshi

Mtu akianza kupika bia nyumbani, hata ndoo ya kwanza haijatulia, swali lake ni "mashine ya vizibo ninunue ipi?" Na mi kila mara namrudisha nyuma: lete kwanza chupa zako nizione. Chupa ndo inachagua mashine, ukifanya kinyume utakuja kujikuta na mashine nzuri ya hela nyingi na chupa arobaini ambazo haizishiki, kama yalivyonikuta mimi (nimeeleza chini). Maswali nimeyapanga kuanzia ya mwanzo mwanzo mpaka yale ya visa, swali likiwa limeshajibiwa sehemu nyingine nitakuelekeza huko, sirudii.

## CHUPA ZENYEWE

Chupa za bia za baa zinafaa kweli, au lazima ninunue mpya?

Zinafaa, tena sana. Hizi za kahawia za nusu lita zinazorudishwa, za Kilimanjaro, Safari, Serengeti na wenzake, zimetengenezwa kwa ajili ya kwenda na kurudi kiwandani miaka, zinaoshwa kwa kostiki soda ya moto, zinagongana kwenye kreti juu ya Fuso kwenye rasta zote za barabara ya Moshi na bado zinabeba gesi. Glasi ni nene. Shika chupa ya kurudisha mkono huu na chupa ya kutupa mkono ule, hata ukifumba macho utajua ipi ni ipi.

Na unene siyo urembo. Bia yenye gesi ya kawaida ikikaa kwenye joto la nyuzi 20 inaisukuma chupa kwa presha ya karibu psi 28 mpaka 30, yaani haiko mbali na upepo unaojaza kwenye tairi la gari dogo. Sasa fikiria tairi la glasi, umelipanga chini ya kitanda.

Nitajuaje chupa ya kufungua kwa opena na ile ya kuzungusha kwa mkono?

Pitisha kidole kwenye mdomo kwa nje. Ya opena ina mdomo laini, mnene, wa mviringo. Ya kuzungusha ina mistari ya nyuzi kama ya chupa ya maji ila midogo midogo, na mdomo wake ni mwembamba. Hiyo ya pili weka pembeni. Mashine ya mkono inaweza ikaifunga na ukaona imefunga, af baada ya wiki mbili unafungua bia imelala kama chai ya jana, au siku ya kufunga mdomo unamegeka na kipande kinadumbukia ndani.

Za kijani na nyeupe je?

Kwa presha hazina shida kama glasi ni nene, shida ni mwanga. Hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) zikipigwa na mwanga wa jua zinatoa harufu mbaya, wengine wanaisikia kama raba iliyoungua, wengine kama mnyama mwenye hasira. Chupa ya kahawia inazuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani kidogo sana, nyeupe haizuii kitu. Kama unazo za kijani na stoo yako ina giza la kweli, tumia. Ukiziacha sebuleni dirishani ili wageni waone, utakunywa mwenyewe.

Chupa za kurudisha ni za kampuni. Nikikaa nazo si nimeiba?

Swali zuri na wachache wanauliza. Ile hela unayoacha dukani ukichukua bia bila chupa tupu ni ya kushikilia chupa, siyo ya kuinunua, kwa hiyo we umeiazima tu hata kama umekaa nayo mwaka. Mi nafanya hivi: nanunua kreti nzima na bia zake, nalipia chupa na kreti kihalali, nakunywa na jamaa, nazitumia kwa mapishi yangu, nikichoka nazo zinarudi kwenye mzunguko (swali la mwisho kabisa).

Kitu ambacho usifanye ni kubeba chupa kutoka mezani baa. Kuna baa niliyokuwa nakunywa, zamani kidogo, nikawa nachomoka na mbili tatu kwenye begi kila wikiendi najiona mjanja, mpaka siku dada wa kaunta akaniambia kwa upole tu kwamba kila chupa inayopungua kwenye hesabu anakatwa yeye. Nilizirudisha zote, na soda nikamnunulia juu.

Nje ya kununua kreti, nazipata wapi?

Grosari, sherehe (baada ya send-off kuna chupa mpaka kwenye maua, ila nyingi zina hesabu ya mtu, uliza kwanza), na wale wanaopita mtaani wananunua chupa na skrepa. Hawa wa mwisho wana bei nzuri ila nusa kila chupa, moja moja, usione uvivu. Chupa ya bia huku kwetu ina maisha mengi baada ya bia: imebeba mafuta ya taa, dawa ya ng'ombe, asali, petroli ya pikipiki iliyozima njiani. Ya asali inaoshwa ikatakata. Ya mafuta ya taa au dawa tupa, usijaribu hata kuosha.

Niandae ngapi kwa ndoo ya lita 20?

Hesabu ya darasani ni 40 za nusu lita. Ukweli ni 36 mpaka 38 kwa sababu mashapo ya chini huyachukui. Andaa 42 zikiwa safi ili moja ikikataa usianze kuosha nyingine mikono ikiwa imejaa bia.

Nakaguaje chupa moja moja?

Kwanza ukucha. Zungusha ukucha juu ya mdomo wote taratibu, ukikwama hata kidogo hapo pamemegeka, na kizibo hakitaziba. Pili iangalie kwenye mwanga, tafuta ufa shingoni na chini kwenye kona ya kitako. Tatu angalia zile pete nyeupe zilizosagika tumboni na begani, zinatokana na chupa kusuguana kiwandani na kwenye kreti. Pete nyepesi ni kawaida, ila ikiwa pana na imekwaruza kiasi kwamba ukipapasa unaisikia, hiyo chupa imezeeka, iache ipumzike.

Nne, na hapa ndo mashine inapoingia: angalia shingo. Chini kidogo ya mdomo kuna pete ya glasi imetokeza. Papasa uone kama imetokeza vizuri na iko juu au chini, maana baadhi ya mashine zinashika hapo hapo. Panga chupa zako kwa makundi kufuatana na hiyo pete na urefu wa chupa. Utanishukuru tukifika kwenye mashine.

## KUOSHA

Lebo natoaje bila kukesha?

Loweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yenye magadi, kiganja kimoja kwa ndoo, acha usiku kucha. Asubuhi lebo nyingi utazikuta zinaelea zenyewe, zilizobaki sugua na steli waya. Lebo za plastiki zenye gundi ngumu ni kesi nyingine, pasha kwa maji ya moto kiasi uvute pole pole. Magadi yanateleza mkononi na yanaacha utando mweupe, suuza mpaka chupa ianze kulia ukiisugua na kidole.

Wa Arusha mtaona utando mweupe hata baada ya kusuuza, mara nyingi ni madini ya maji yenyewe tu. Maji ya sehemu nyingi kuzunguka Meru yana floraidi nyingi, meno yetu yanatangaza, na kuchemsha hakuitoi. Kwa kuoshea chupa haina neno, kwa kupikia bia tafuta maji ya chanzo unachokijua.

Si nikiosha kwa sabuni na maji ya moto inatosha?

Haitoshi. Kuosha ni kutoa uchafu unaouona, kuna hatua ya pili ya kuua vijidudu usivyoviona, na hiyo haifanyi kazi kama ya kwanza hukuifanya. Sabuni ya vyombo yenyewe kwanza mi siipendi ndani ya chupa, ikibaki kidogo inaua povu la bia. Brashi ndefu ya chupa, magadi, maji, basi.

Kuua vijidudu, kama una dawa maalum za wapika bia fuata kipimo cha kwenye chupa yake. Kama huna, jiki isiyo na manukato: kijiko kikubwa kimoja kwa lita 4 za maji baridi, chupa zizame dakika 20, af suuza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, mara mbili, mpaka harufu iishe. Usichanganye jiki na siki, ndimu au dawa yoyote ya choo, inatoa gesi ya sumu, na watu wanafanya hivyo wakidhani wanaongeza nguvu.

Naweza kumimina maji yanayochemka ndani ya chupa?

Chupa baridi na maji ya moto hawapatani, hasa asubuhi za Julai Arusha chupa imelala kwenye sakafu ya saruji. Itapasuka kitako. Kama lazima utumie joto, panga chupa kwenye sufuria la maji baridi, weka nguo chini, pasha vyote pamoja, na uache vipoe pamoja.

## VIZIBO

Vizibo viko saizi ngapi?

Mbili unazohitaji kuzijua: milimita 26 na milimita 29. Chupa za bia za hapa na za soda za glasi ni 26. Ya 29 utakutana nayo kwenye chupa za shampeni na baadhi ya bia za Ubelgiji. Njia ya kujua bila vipimo: weka kizibo cha 26 juu ya mdomo, kikikaa na kushuka kidogo ndo chenyewe, kikipanda juu kama kofia ya mtoto kwa mtu mzima, hiyo ni 29 na inataka kizibo chake na kikombe chake cha mashine.

Kizibo chenyewe ni ubunifu wa Mmarekani William Painter wa Baltimore, mwaka 1892. Kilianza na meno 24, cha leo kina 21, kavihesabu hapo ulipo kama unabisha.

Nikifungua taratibu nisikikunje, si naweza kutumia kizibo tena?

Hapana. Kizibo kinaziba kwa vitu viwili, meno yanayobana pembeni na ile ngozi laini ya ndani inayokandamizwa kwenye mdomo. Kikishafunguliwa meno yameshachoka na ngozi ina alama ya chupa ya kwanza. Kitakaa, kitaonekana vizuri, na kitavuja gesi kimya kimya. Vizibo vilivyotumika kazi yake ni drafti.

Nivichemshe kabla ya kufunga?

Usichemshe, ile ngozi ya ndani inaweza kulegea. Vitumbukize dakika chache kwenye dawa ile ile ya chupa uliyoichanganya upya (kama ni jiki, suuza), vitoe kwa mkono safi. Vilivyobaki vikaushe kabisa kabla ya kurudisha kwenye mfuko, vikikaa na unyevu vinaota kutu kwenye meno.

## MASHINE

Kuna aina ngapi na zinatofautianaje?

Tatu ukiacha za kiwandani.

Ya kugonga na nyundo ni kikombe cha chuma au plastiki, unaweka juu ya kizibo unagonga. Bei ya kutupa, na chupa utatupa pia. Sina la kuongeza.

Ya mikono miwili ndo wengi wanaanza nayo. Ina mabawa mawili, ukiyashusha taya mbili zinaikamata chupa chini ya ile pete ya shingo huku kikombe cha katikati kinasukumwa chini juu ya kizibo. Ni ndogo, inaingia kwenye begi, urefu wa chupa hauihusu. Udhaifu wake wote uko kwenye pete: isipokuwepo, ikiwa nyembamba, au ikiwa imekaa chini sana, taya hazina pa kushika.

Ya kusimama ina kitako, nguzo na mkono mmoja wa kuvuta. Chupa inakaa chini, unashusha mkono, kizibo kinabanwa kutoka juu. Haishiki shingo kabisa, kwa hiyo pete haijalishi. Inachojali ni urefu: kila ukibadilisha aina ya chupa unarekebisha kimo. Ni nzito, ina bei zaidi, inataka meza au benchi ya kuifunga kwa skrubu isiondoke.

(Huku bado hatuna jina moja. Kuna wanaosema kapa kama Wazungu, mi nasema mashine ya vizibo, maana ukimwambia mtu wa mtaani "nina kapa" atakupa pole.)

Sasa ninunue ipi?

Rudi kwenye makundi yako ya chupa. Kama zote ni zile za kahawia za nusu lita zenye pete iliyotokeza vizuri, na unapika ndoo moja kwa mwezi, ya mikono miwili inakutosha miaka. Kama chupa zako ni mchanganyiko, za kijani, fupi, ndefu, za zawadi kutoka nje, au unafunga chupa zaidi ya 80 kwa siku moja, au mabega hayako sawa, chukua ya kusimama. Na kama hela ni ya moja tu maisha yote, ya kusimama.

Ukinunua, angalia vitu vitatu: kikombe kiwe cha 26 (bora kama kinabadilishika na 29), kiwe na sumaku ya kushikilia kizibo, na kwenye ya mikono miwili zile taya ziwe za chuma siyo plastiki, nyingine unaweza kuzigeuza upande wa pili kwa shingo tofauti, uliza hilo kabla hujalipa.

Hiyo ya pete umeisema mara tatu. Ni kubwa hivyo?

Ni kubwa hivyo. Mashine yangu ya kwanza ilikuwa ya mikono miwili, binamu yangu aliipitisha Namanga kutoka Nairobi, nzuri, nyekundu, nimeisubiri mwezi mzima. Chupa nilikuwa nimekusanya za kijani ndogo zisizorudishwa kwa sababu hazina hesabu za mtu. Sikuangalia shingo. Kumi na tatu za kwanza nilibahatisha, zinateleza, narudia, zinakubali. Ya kumi na nne taya ikateleza kwenye pete upande mmoja tu, upande mwingine ukang'ang'ania, nguvu yote ikaenda ubavuni na shingo ikakatika kama muwa. Mkono wa kushoto, kati ya kidole gumba na cha pili, nyuzi tatu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba ndoo ilikuwa imebaki nusu na hakuna pa kuiweka, nikaimalizia kwenye chupa za maji.

Tangu hapo nafunga nikiwa nimevaa glavu za kazi na chupa imezungushiwa taulo. Ukiona mashine inateleza mara mbili kwenye chupa ileile, chupa hiyo haiitaki mashine hiyo. Usiongeze nguvu.

Fundi wa kuchomelea hawezi kunitengenezea?

Nguzo na kitako anaweza, kikombe asijaribu. Kikombe ndani kina mteremko wa kipimo cha kukunja meno yote kwa pamoja, na chuma kigumu kisichochakaa. Mi nilitoa kikombe kwenye ile mashine nyekundu nikampelekea fundi wa mageti Unga Limited, akanitengenezea stendi ya bomba la mraba na mkono mrefu. Aliniuliza kama ni ya kukamulia maparachichi. Inafanya kazi mpaka leo ila ilichukua safari tatu, kwa sababu mara mbili za kwanza kikombe kilikuwa hakishuki wima na vizibo vinabanwa upande. Kama fundi wako hana uvumilivu nunua tu.

Nitajuaje kizibo kimebana sawasawa?

Kwa macho: meno yote yamelala sawa kuzunguka, hakuna upande uliochanua. Kwa vidole: jaribu kukizungusha, kisizunguke kirahisi. Kwa kipimo, kama fundi ana kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo): kizibo cha 26 kikishabanwa kipenyo cha nje kiwe karibu milimita 28.6 mpaka 28.8, kikizidi sana kimelegea. Kibonyeo kidogo kinachobaki juu katikati ya kizibo ni cha mashine, hakina shida.

Kizibo kilicholegea usikibane juu yake tena, kitoe uweke kipya.

## SIKU YA KUFUNGA

Bia iko tayari kufungwa lini?

Hidromita (kipimo kinachoelea, kinaonyesha sukari iliyobaki kwenye bia) ndo inasema, siyo kalenda na siyo mapovu kwenye mpira wa kutolea gesi. Pima leo, pima baada ya siku tatu, namba ikiwa ileile na iko karibu na ulipotarajia, funga. Mapovu yanakudanganya hasa Arusha miezi ya baridi: usiku ukishuka yisti (chachu ya bia) inalala, ndoo inanyamaza, we unadhani imemaliza.

Kwanini nasisitiza: kila pointi mbili za hidromita zilizobaki, mfano badala ya 1.010 iko 1.012, zinaongeza karibu lita moja ya gesi kwa kila lita ya bia humo ndani ya chupa. Bia ya kawaida inataka kama lita mbili na nusu tu. Ukifunga pointi nne kabla ya wakati, na sukari juu yake, umekaribia kuidabo, na hapo hakuna mashine wala kizibo kitakachokuokoa.

Sukari kiasi gani?

Gramu 6 kwa lita, sukari ya kawaida ya dukani. Lita 20 ni gramu 120. Ipime kwa mizani, vikombe na vijiko vinadanganya. Chemsha na maji kidogo, mimina kwenye ndoo safi, af vutia bia juu yake kwa mpira taratibu bila kurusha rusha ili ichanganyike yenyewe. Ukiweka kijiko kwa kila chupa inawezekana (gramu 3 kwa nusu lita, kijiko cha chai pungufu kidogo), ila saa nyingine simu inaita, unasahau umefika chupa ya ngapi, moja inapata mara mbili. Hiyo moja ndo inapasuka.

Nijaze mpaka wapi?

Acha sentimita mbili mpaka tatu juu.

Baada ya kufunga inakaa muda gani?

Kwenye nyuzi 20 mpaka 25, wiki mbili. Moshi mjini joto linatosha, mara nyingi siku kumi inajibu. Arusha Juni na Julai usishangae ikichukua wiki nne, hamishia chupa jikoni au chumba kinachopata joto. Zisimame wima, gizani, ndani ya kreti iliyofunikwa gunia au blanketi kuukuu ili moja ikipasuka vipande visiruke.

Kijanja kidogo: jaza bia hiyohiyo kwenye chupa moja ya plastiki ya soda, minya hewa itoke, funga. Kila siku iminye. Ikiwa ngumu kama soda mpya, zile za glasi nazo ziko hapo. Ikiwa ngumu kama jiwe siku ya nne, una tatizo, nenda swali la chupa kupasuka.

## VISA

Baadhi ya chupa zina gesi na baadhi hazina, ndoo ileile.

Sukari haikuchanganyika au vizibo vinavuja. Zamisha chupa mbovu ikiwa wima kwenye beseni la maji, ukiona vipovu vinatoka kizibo ndo mwizi. Kama hakuna vipovu, huenda ni sukari. Zote zikikosa gesi ni baridi, subiri.

Naweza kufunga mbege?

Hapana, na nasema hivi nikiwa nimekua kwenye mbege. Mbege inanyweka ikiwa bado inachacha, ulezi uko ndani, chachu iko hai, haina mahali inaposema "nimemaliza" ili hidromita iisikie. Ukiifungia kwenye glasi inaendelea na safari yake. Mbege ina kata yake na siku yake, iache huko.

Chupa za Konyagi, mvinyo wa Dodoma, soda?

Konyagi na mvinyo hapana, hazikutengenezwa kubeba presha. Soda ya glasi ya kurudisha ndiyo, imezoea gesi nyingi kuliko bia, ila ni nyeupe, kwa hiyo rudi kwenye swali la rangi.

Nataka kupeleka chupa Dar au Rombo. Zitafika?

Zikiwa zimemaliza kazi zitafika, zipoze kabla, zisimamishe, zisiwe juani na zisiwe juu ya injini. Joto likipanda presha inapanda hata kama yisti imelala.

Mi Desemba moja nilifunga bia tarehe 18 Arusha, namba ya hidromita ilikuwa imetulia kwa siku mbili tu nikajiambia inatosha, Krismasi haisubiri. Tarehe 23 tukapakia Noah, kreti nyuma chini ya mabegi na mchele. Tumesimama Himo kununua ndizi, jua kali, nasikia "pa", nikajua tairi. Nikashuka nikazunguka tairi zote nne. Ya pili ikalia nikiwa nimeinama. Tatu zilipasuka kabla hatujafika Mkuu, Rombo, mchele ukalowa, gari ikanuka kilabu mpaka Januari. Mama mkwe alipokea yaliyobaki akasema kwa miaka yote aliyobeba mbege kichwani haijawahi kumpiga risasi.

Moja imepasuka stooni usiku. Nifanye nini na zilizobaki?

Usiingie kuzishika shika. Vaa glavu, miwani, koti nene, zifunike kwa blanketi zito. Kama unaweza kusogeza kreti nzima bila kuitikisa ipeleke kwenye ubaridi, friji ni bora, maana baridi inashusha presha. Zikishapoa kabisa, siku nzima, fungua moja moja kupitia blanketi, mdomo ukiangalia mbali na uso. Ukizikuta zinarusha povu zote ulifunga mapema au sukari ilizidi. Ikiwa moja tu inarusha na ina uchachu usioeleweka, hiyo chupa haikuoshwa vizuri.

Naweza kuuza kidogo kwa majirani?

Kunywa na kugawia wageni ni jambo moja, kuuza ni jingine: kuna leseni ya vileo, kuna TRA, kuna TBS. Na kamwe usiuze ndani ya chupa yenye lebo au jina la kampuni ya mtu, hapo umeshatoka kwenye upishi umeingia kwenye bidhaa bandia.

Nimeacha kupika. Chupa za kreti nazirudishaje?

Futa maandishi yako ya maka pen, suuza usiache mashapo yameganda chini, toa zilizomegeka mdomo, panga kwenye kreti yake upeleke pale ulipochukua. Hela yako ya chupa utarudishiwa kwa zile nzima tu, kwa hiyo hesabuni pamoja na mwenye duka kreti ikiwa bado mbele yenu.